Sahani ya Mia Tatu na Moja

Mtu ninayemshukuru kuliko wote mwaka huu simjui jina. Sijui kama ni mvulana au msichana, na hata namba yake ya mtihani nilikula kiapo kuisahau, nami nimeisahau kweli. Ninachokijua ni mwandiko wake. Herufi zimelalia kushoto kama watu wanaotembea dhidi ya upepo, na kila baada ya mistari mitatu kuna doa la wino. Kwa mwandiko ule, kama angekuwa darasani kwangu, ningemfokea mpaka wenzake wamwonee huruma.

Mimi ni mwalimu wa fasihi, mwaka wa thelathini huu. Walimu wenzangu wananiita Mizani, na wala si jina la kunisifu. Nikisikia shairi nahesabu silabi kwa vidole, hata msibani, hata kwenye harusi ya mtu. Shairi lisilo na vina kwangu lilikuwa barua iliyokatwakatwa na mtu mwenye haraka. Mashairi ya kisasa nilikuwa nayafundisha kwa sababu yamo kwenye mtaala, kama mtu anayemeza kidonge kichungu kwa sababu daktari kasema. Na kwa kuwa wanafunzi wanataka kufaulu, niliwapa funguo: ukiona jua, andika ukombozi, ukiona mvua, andika neema, ukiona mwezi, andika matumaini. Walifaulu kweli, nami nikajiona fundi.

Kila mwaka mitihani ya mwisho ikishafanyika, walimu zaidi ya mia tunakusanywa katika chuo kilichofungwa kwa likizo ili tusahihishe. Tunalala kwenye mabweni ya wanafunzi, kwenye vitanda vinavyolia ukigeuka, na mchana kutwa tunakaa katika bwalo lao la chakula. Hakuna anayesahihisha karatasi nzima. Kila meza inalo swali lake, na karatasi zinapita meza moja baada ya nyingine ndani ya bahasha za kaki. Wa kwanza anatumia kalamu nyekundu. Anayerudia kukagua anatumia ya kijani. Na kuna kanuni moja tunayoimbiwa kila mwaka mpaka tunaiota: alama haifutwi. Ukikosea, unapitisha mstari mmoja juu yake ili ya zamani ionekane, unaandika mpya pembeni, unaweka saini na tarehe.

Aliyekuwa anatuimbia ni mkuu wa jopo letu, mama mmoja aliyewahi kuwa mkuu wa shule, miwani yake ikining'inia kwa kamba shingoni. Sote tulikuwa na majina ya utani isipokuwa yeye. Tulimwita Mama Mkuu, mbele yake na nyuma yake pia.

Mwaka huu meza yetu ya watu wanane ilipewa swali la sita, swali la shairi. Kabla ya kufungua chochote, kila mtu alijaza fomu. Fomu inauliza kama una uhusiano wowote na mtahiniwa au na maandishi yaliyotumika katika mtihani. Niliandika hapana kama nilivyoandika miaka yote, nikasaini. Ndipo tukafungua karatasi ya maswali, nami nikaona hili:

*Asubuhi, dirishani mwa jiko,*
*mwezi bado uko juu,*
*umesahauliwa*
*kama sahani iliyobaki mezani*
*watu wote wakiwa wameshaondoka.*
*Hapa chini nina sahani mia tatu*
*na mikono miwili.*

Chini yake: Mshairi hajulikani. Na chini zaidi: Eleza maana ya mwezi katika shairi hili. Alama nane.

Mshairi alikuwa anajulikana. Ni mdogo wangu wa kike.

Aliliandika akiwa na miaka ishirini, anaosha vyombo katika jiko la hospitali. Mimi nilikuwa mwalimu mpya, shahada bado inanukia karatasi. Aliniletea ukurasa uliochanwa kwenye daftari, akasema, "Kaka, hebu soma, ila usinicheke." Sikumcheka. Nilifanya vibaya zaidi. Nilichomoa kalamu nyekundu mfukoni nikamsahihishia kama mtoto wa darasani, nne kwa kumi, na maoni pembeni: Huna vina. Na mstari wa mwisho niliukata. Ndiyo, shairi lilikuwa na mstari mmoja zaidi. Lilimalizikia hivi: *Nikimaliza hizi, nitauosha na huo.*

Niliandika pembeni yake: Mwezi hauoshwi.

Niliona nimemsaidia. Bila mstari ule, mwezi ungeweza kuwa matumaini, kitu kizuri kilicho mbali, na shairi lingekuwa na heshima kidogo. Nikalipiga chapa bila mstari huo, nikalipeleka kwenye jarida la walimu bila jina, kwa sababu aliniomba nisiandike jina lake, wangemtania jikoni. Likachapishwa. Baadaye likaokotwa na watunzi wa vitabu vya shule. Nilipompelekea jarida alilitazama, akalitazama tena pale lilipokuwa limeishia, akasema, "Asante, kaka." Hakuandika tena. Sikuwahi kumwuliza kwa nini, na sikumwuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

Sasa pale bwaloni ilinipasa kunyosha mkono, niseme nina uhusiano na maandishi. Sikunyosha. Nilijiambia ni jambo dogo, miaka ishirini na minane imepita, na kazi ile ya kusahihisha nilikuwa naipenda kuliko kufundisha kwenyewe. Tukasomewa mwongozo: mwezi ni matumaini, alama mbili, ni uzuri, alama mbili, ni faraja, alama mbili, ni nuru inayoongoza gizani, alama mbili. Nilitikisa kichwa kukubali, maana mwongozo ulikuwa umeandika yale yale ninayowaambia wanafunzi wangu. Nikashika kalamu.

Kwa siku mbili nilikwenda kama cherehani. Aliyeandika matumaini alipata, asiyeandika hakupata. Jirani yangu mezani, kijana tuliyemwita Chapchap kwa kasi yake, alikuwa mbele yangu kwa bahasha tano. Alikuwa na sababu. Mke wake alikuwa na mimba ya kwanza, yuko siku za mwisho, na Chapchap alikuwa ameapa kwamba Ijumaa saa sita mchana atakuwa kwenye basi, wengine wakipenda wasipende. Simu zetu zilikuwa zimefungiwa kwenye kabati la Mama Mkuu, kwa hiyo kila mlango ukifunguliwa Chapchap alikuwa anaruka.

Siku ya tatu, kama saa nne kasoro asubuhi, nilifungua karatasi yenye mwandiko unaolala. Nikaipitisha macho nikitafuta neno matumaini. Lilikuwepo, lakini angalia lilivyowekwa:

"Mwezi huu si matumaini, kwa sababu ni wa asubuhi na haumuliki chochote. Anayesema ni mwosha vyombo. Mwosha vyombo akiona kitu cheupe cha mviringo anaona sahani, hawezi kujizuia. Kwake mwezi ni kazi. Lakini ni kazi aliyojitafutia mwenyewe, hakupewa na mtu, na hiyo ni tofauti na zile mia tatu. Naona kama shairi limeishia mapema. Mtu anayeosha sahani mia tatu hawezi kuona ya mia tatu na moja akaiacha pale. Angeuosha na mwezi."

Nilimpa sifuri.

Nasema wazi, sijifichi. Mkono ulishazoea, ukaandika sifuri nyekundu pembezoni kabla kichwa hakijafika. Kengele ya chai ikalia. Nikaenda na wenzangu, nikamiminiwa chai, nikakaa naikodolea macho mpaka ikatengeneza utando juu. Mtoto wa watu, pengine hajawahi hata kuchapishwa kwenye ubao wa matangazo ya shule, alikuwa ametembea na akili yake peke yake mpaka akafika kwenye mstari nilioukata. Hakuuona popote. Ulikuwa kwenye kipande kimoja cha karatasi duniani, na kipande hicho sikujua kama bado kipo. Na mimi niliyeukata nilikuwa nimemkata na yeye. Alama nane kwenye mtihani ule zinatosha kumwacha mtu nje ya chuo anachokitamani. Nilijua hivyo vizuri sana, maana kila mwaka nawaona wanaokosa kwa alama tatu.

Nikainuka na kikombe changu kimejaa, nikaenda kwenye meza ya Mama Mkuu. Alikuwa anachonga penseli kwa kisu kidogo.

"Mama, nina maneno."

"Mizani, wewe ukiwa na maneno huwa ni kina na silabi. Nina kazi."

"Leo hayana kina wala silabi."

Nikamwambia yote. Shairi la mdogo wangu, mstari, fomu, sifuri. Aliacha kuchonga. Alivua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Umeniletea mambo mawili umeyafunga kwenye kanga moja," akasema. "Hebu tuyafungue. La kwanza ni fomu. Hilo halina mjadala. Kesho asubuhi unaondoka, na kwenye kazi hii hutaitwa tena. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

"La pili ni jibu la mtoto. Hilo si langu peke yangu, ni la jopo. Nenda ukawaambie wenzako, wakikubali nitabadili mwongozo. Ila mdogo wako usimtaje. Hata kidogo. Jibu likisimama kwa sababu dada fulani aliandika hivi au vile, basi halijasimama, limeshikiliwa. Nataka lisimame na shairi lile lile walilopewa, mistari saba, basi."

Kusema kweli roho iliniuma. Nilikuwa nimejitayarisha kumtaja mdogo wangu mbele ya watu, kama vile kumtaja kungemlipa. Nikamezea.

Baada ya chai Mama Mkuu akagonga meza kwa rula, watu wanane tukakusanyika, naye akasema, "Mizani ana hoja juu ya swali la sita. Semeni haraka, jua halitusubiri."

Nilisimama nikiwa na karatasi ile mkononi. Nikasoma jibu, nikificha namba kwa kidole gumba. Nilipomaliza, mama mmoja wa mwisho wa meza akasema, "Zuri. Lakini halimo kwenye mwongozo."

"Halimo," nikasema.

"Sasa?"

"Sasa nauliza. Shairi linasema saa ngapi?"

Wakatazama karatasi zao. "Asubuhi," akasema mtu.

"Mwongozo unasema nuru inayoongoza gizani. Giza gani, saa moja asubuhi?"

Kuna aliyecheka. Chapchap hakucheka. "Mwalimu Mizani," akasema, "samahani, wewe ni kaka yangu na nakuheshimu. Lakini ukibadilisha mwongozo leo, kila bahasha tuliyofunga tangu juzi inafunguliwa. Bahasha mia na sita. Hatutamaliza Ijumaa. Mimi nina mtu nyumbani."

"Najua."

"Kwa jibu la mtu mmoja?"

"Si mmoja. Nimekaa kwenye chai nikawakumbuka. Katika bahasha zangu tu, wako kumi na wawili walioandika sahani. Hawakuandika vizuri kama huyu, lakini waliiona. Wote niliwapa sifuri, nikaona wamechemka."

Nadhani kila mmoja alianza kuwakumbuka wake.

Nilichosema baada ya hapo sikukipanga, na sijui kilitoka wapi, maana mimi ndiye mtu wa mwisho ambaye ungetarajia kukisikia kwake. Niliwaambia sisi tumezoea mwezi uje na maana yake mfukoni. Mshairi wa zamani akitaja mwezi tunajua kamtaja mpenzi, na tunashangilia kwa sababu tumejua. Huyu wa kisasa kauvua mwezi zile nguo zote. Kauacha mtupu, kitu cheupe cha mviringo, kisha kamweka mtu chini yake na kumwacha atazame. Kwa hiyo ukitaka kujua maana ya mwezi, mtazame anayetazama. Ana nini mikononi? Kachoka kiasi gani? Nikasema miaka yote hii nimewapa wanafunzi wangu funguo za mlango ambao haukuwa umefungwa. Kisha nikakaa chini.

Mama Mkuu alikuwa anamtazama Chapchap, na Chapchap alikuwa ameinamia kalamu yake.

"Mke wangu," akasema taratibu, bila kuinua kichwa, "siku moja kabla sijaja hapa tulikaa nje jioni. Mwezi ulikuwa mkubwa. Akaniambia, ona, na yeye amefikisha miezi tisa."

Meza yetu yote iliangua kicheko, hata meza za mbali zikageuka kutuangalia.

"Naye yuko sahihi?" akauliza Mama Mkuu.

"Mama, hali aliyonayo, nani atambishia?"

"Basi kwenye mtihani angepata ngapi?"

Chapchap akafungua mwongozo. Akausoma kana kwamba anausoma mara ya kwanza. "Sifuri," akasema. Kisha akasukuma kiti nyuma, akaenda kwenye rafu, akarudi amebeba bahasha zake mwenyewe kifuani, zimefika kidevuni, akazibwaga mezani. "Haya. Tuanze na zangu, mimi ndiye niliyekimbia sana."

Namshukuru yule kijana pia. Nimemwambia kwa simu baadaye, na akanijibu kuwa mtoto alizaliwa Jumapili, siku moja baada ya yeye kufika, kwa hiyo nisijione mwenye hatia. Msichana. Anasema kichwa chake ni cha mviringo kabisa na nisimwulize maana yake.

Mama Mkuu aliandika badiliko la mwongozo kwa mkono wake: Mwezi unaweza kupewa maana yoyote inayotetewa kwa ushahidi wa shairi lenyewe. Tukasaini wote. Kisha akanigeukia, akanipa kalamu ya kijani.

"Sifuri yako urekebishe mwenyewe. Kanuni unaijua."

Nilipitisha mstari mmoja juu ya ile sifuri nyekundu. Iliendelea kuonekana chini yake, kama inavyotakiwa. Pembeni nikaandika 8, nikaweka saini na tarehe. Saini haikufanana na zangu nyingine, nikaogopa watasema imeghushiwa. Nilishinda nao mpaka jioni tukifungua bahasha. Asubuhi yake nikabeba begi langu, nikapita bwaloni kuaga. Mama Mkuu hakusimama. Alisema tu, "Safari njema, Mwalimu," na ilikuwa mara ya kwanza kutoniita Mizani. Nilipofika nyumbani nikakuta kalamu ya kijani mfukoni mwa shati.

Mambo ya mtihani ni siri mpaka matokeo yatangazwe. Nimevunja kanuni moja katika maisha yangu ya kusahihisha na nilikuwa sina hamu ya kuvunja ya pili. Kwa hiyo nilikaa wiki kumi na moja na jambo lile kifuani. Mke wangu alifikiri naumwa. Siku nyingine nilijikuta namtazama kila kijana barabarani mwenye madoa ya wino vidoleni. Matokeo yalitangazwa Alhamisi. Jumapili nikaenda kwa mdogo wangu.

Siku hizi yeye ndiye msimamizi wa jiko zima la hospitali ile ile, ana wapishi kumi na wanne chini yake na wote wanamwogopa. Jumapili ndiyo siku yake ya kukaa nyumbani, na nyumbani anafanya nini? Anawapikia watoto na wajukuu. Nilimkuta chakula kimeshaliwa, watu wametawanyika uani, yeye yuko jikoni mbele ya karo lililojaa sahani.

"Kaka! Umekuja bila kupiga simu, nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi ingia, usinisimamie mlangoni kama mkaguzi."

Nikaketi kwenye kigoda. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, yenye utangulizi na hitimisho. Ikapotea yote. Nikamwambia tu, "Shairi lako lilitoka kwenye mtihani."

"Shairi gani?"

"La mwezi."

Aligeuka, mikono ina povu. "Lile ulilolinyoa?"

Nikasema ndiyo, lile. Nikamweleza. Jibu la mtoto nilikuwa nalo kichwani. Kulinakili ni marufuku, lakini hakuna kanuni inayomkataza mtu kukumbuka, na nimelikumbuka neno kwa neno mpaka leo. Nikamsomea, na nilipofika kwenye "angeuosha na mwezi" alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, polepole, kwa ajili ya magoti yake.

"Amejuaje?" akauliza.

"Sijui."

"Mtoto wa nani huyo?"

"Ni namba tu. Na namba yenyewe nimeisahau."

"Kaka, wewe kweli ni wa kusahau kitu kama hicho!" Akajifuta uso kwa ukingo wa aproni, povu likambaki shavuni. "Huyo kanisoma mpaka ndani. Mungu ambariki popote alipo. Ameosha vyombo huyo, nakwambia, si bure."

"Nisamehe," nikasema.

Alinitazama. Sikumbuki kama tangu utotoni niliwahi kumwambia neno hilo. Mimi ndiye mkubwa, na wakubwa tuna uvivu wa aina hiyo. Hakunijibu nimekusamehe. Alisimama, akaingia chumbani, nikasikia anavuta kitu chini ya kitanda huku akilaumu magoti. Akarudi na kopo la biskuti lililoshika kutu pembeni. Ndani kulikuwa na kadi za kliniki za wanawe, picha mbili, na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Aliitunza miaka ishirini na minane. Mikunjo ilikuwa karibu kukatika. Nne kwa kumi yangu ilikuwa pale pale juu, kubwa, nyekundu, ya kijana anayejiamini. Huna vina. Mwezi hauoshwi. Na mstari wa mwisho niliukata kwa mstari mmoja ulionyooka, kama kanuni inavyosema, kwa hiyo ulikuwa unasomeka vizuri kabisa.

"Mtoto wa watu umempa ngapi?" akauliza.

"Nane kwa nane."

"Na mimi?"

Nikatoa kalamu ya kijani mfukoni, maana tangu siku ile ilikuwa haitoki kwenye shati langu. Nikainua mkono kuikata ile nne, akanishika kiganja.

"Usije ukanipa kumi, nikavimba kichwa wapishi wangu wakanikimbia."

"Nikupe ngapi?"

"Sitaki namba. Nataka mstari wangu."

Niliweka karatasi juu ya goti, nikaikata nne bila kuandika nyingine. Kisha pembeni ya mstari wa mwisho, pale nilipoandika mwezi hauoshwi, nikalipitishia mstari neno langu mwenyewe, nikaandika kwa kijani: *Ubaki.* Nikaweka saini. Nikampa.

Aliisogeza mbali na macho, akaisoma kwa umakini wa mtu anayepokea magunia ya jikoni kwake.

"Tarehe," akasema.

"Nini?"

"Hujaweka tarehe, Mwalimu."

Akanirudishia karatasi, nikaweka tarehe, nikampa tena pamoja na kalamu. Alicheka, nami nikacheka, huku nalia bila kuficha, na yeye akaniacha nilie. Nilikuwa na shukrani nyingi siku ile, kwake, kwa Mama Mkuu, kwa mtoto wa herufi zilizolala, na sikujua pa kuziweka. Nikanyosha mkono nipokee kalamu yangu.

Hakunipa. Alikuwa ameshaigeuza karatasi upande wa nyuma, usio na kitu, ameilaza juu ya kopo la biskuti, na macho yake yako dirishani.

"Kaka," akasema bila kunitazama, "hizo sahani malizia wewe. Mimi nina kazi."

Nikakunja mikono ya shati, nikaenda kwenye karo.